Ngamia Aliyerudi Peke Yake

Soma sentensi hii kwanza: "Mkorozo alimbilifua shengwa jana jioni kwa sababu shengwa alikuwa amezitwepa nofyo zake." Sasa jibu. Nani alimbilifua shengwa? Lini? Kwa nini?

Bila shaka umeyapata yote matatu. Aliyebilifua ni Mkorozo, ilikuwa jana jioni, na sababu ni zile nofyo zilizotwepwa. Ungekuwa mtihanini ungepewa alama kamili na mwalimu wako angepongezwa. Lakini Mkorozo hayupo, shengwa si kitu, na hakuna mtu aliyewahi kubilifuliwa. Sarufi peke yake imekufikisha kwenye jibu. Nikiongeza swali la nne, kwamba je, Mkorozo alitenda haki, hapo utakwama, maana swali hilo halijibiki mpaka ujue kilichotokea.

Huiandika sentensi hii ubaoni kila ninapokaa na vijana wa Bute wanaotaka kuwa walimu. Wengi wamemaliza kidato cha nne na wanafundisha kwa malipo madogo ya bodi ya shule huku wakingoja nafasi ya chuo. Mtaani huitwa walimu wa BOM. Kwanza hucheka. Kisha mmoja wao, aghalabu yule aliyekuwa akiongoza darasa kwa Kiingereza, huitazama tena sentensi bila kucheka, kwa sababu ameanza kukumbuka vifungu alivyovijibu namna hiyo hiyo toka darasa la nne hadi kidato cha nne.

Bute iko kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, upande wa mpaka wa Ethiopia. Pamoja na jirani yake Gurar, hupata mvua zaidi kuliko sehemu nyingi za kaunti, ingawa asiyetuzoea akipita huku wakati wa kiangazi hawezi kuamini. Nyumbani kwetu tulisema Kiborana. Sokoni Kisomali kilitawala, na watu wa huku huhama kutoka lugha moja hadi nyingine katikati ya mapatano ya bei bila kusita. Kiswahili kilitujia kwa askari, madereva wa malori na walimu. Kiarabu kilikuwa lugha ya sala na ya duksi, yaani shule ya Kurani. Kiingereza kilikuwa cha kitabu tu. Hatukumjua mtu aliyekitumia kuuza mbuzi, kumwita mtoto aje kula au kumfariji mfiwa.

Kabla ya shule kulikuwa na duksi. Tuliketi chini, kila mtoto na ubao wake wa loho, wino wa mkaa na kalamu ya kijiti. Malimu alikuandikia aya, ukaisoma mpaka ikakaa kichwani, ukaisoma mbele yake, ukaosha ubao, ukaandikiwa nyingine. Mtoto mdogo ambaye hajang'oa meno ya utotoni aliweza kusoma Juzuu Amma bila kukosea irabu. Duksi katika hatua ile hulenga kuhifadhi na kutamka ipasavyo, na lengo hilo hulitimiza kuliko taasisi nyingi ninazozijua. Ninaisema kwa heshima, na ninaisema mapema, kwa sababu nimesikia watu wa elimu kutoka mbali wakiilaumu duksi kwa watoto wetu kusoma bila kuelewa. Lawama hiyo si yake. Malimu hakuahidi kutufundisha maana katika umri ule. Maana ilikuwa na wakati wake na mahali pake, nami nitaifikia.

Shule ndiyo iliyoahidi maana. Ilipokea watoto ambao macho yao yalishazoea herufi na masikio yao yalishazoea kushika sauti ngeni, ikawasikia wakisoma Kiingereza kwa sauti moja kubwa kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ikadhani kazi imekwisha. Mgeni kutoka ofisi ya elimu alipokuja, tulisimamishwa tukasomeshwa kifungu. Tulisoma vizuri sana. Naye aliondoka ameridhika, na hakuna aliyetuuliza kifungu kilihusu nini. Mtihani nao haukusaidia. KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwa na maswali 50 ya kuchagua katika karatasi ya Kiingereza, na mtoto mwerevu alijifunza mapema kutafuta kwenye kifungu neno lililomo ndani ya swali, kuweka kidole hapo, na kuchagua jibu linalofanana na maneno ya jirani.

Nilianza kuliona hili kwa uwazi chuoni Garissa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kutoka kwetu hadi Garissa ilikuwa safari ya kupitia Wajir, Habaswein na Modogashe, juu ya lori au ndani ya basi, na mvua ikinyesha ulilala popote ilipokukuta. Mkufunzi mmoja wa Kiingereza alituandikia ubaoni habari fupi ya gazeti kuhusu mechi ya kriketi. Hakukuwa na neno gumu. Tulijua usiku, mguu, mlinzi, mpira, kutangaza. Tulijibu maswali yake yote yaliyoanza kwa nani, wapi na lini. Kisha akauliza: timu ipi ilikuwa na hali mbaya jioni ile? Darasa zima la watu wazima waliofaulu Kiingereza halikuweza kujibu. Hakutucheka. Alisema, "Hivi ndivyo mtoto wa Bura anavyojisikia mkimpa kifungu kuhusu theluji," akafuta ubao, akaendelea na somo.

Miaka baadaye nilisoma kwamba hilo lilishapimwa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Baadhi yao walikuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu. Baadhi waliujua mchezo, wengine la. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikikumbuka na kukieleza kisa vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Na miaka miwili kabla ya hapo, 1986, Philip Gough na William Tunmer walikuwa wameliweka jambo zima katika hesabu ndogo ambayo huwafundisha vijana wangu siku ya kwanza. Kuelewa maandishi, walisema, ni zao la uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Hawakujumlisha, walizidisha. Mtoto anayetamka kila neno bila kasoro lakini haelewi lugha, zidisha mia kwa sifuri uone anachobaki nacho.

Watoto wa Bute wengi wako upande huo wa hesabu. Kwingineko duniani vitabu vya ualimu huandikwa kwa ajili ya mtoto anayeongea Kiingereza tangu kuzaliwa na shida yake ni herufi. Kwetu herufi si shida kubwa. Kwa hiyo mkurufunzi anayebeba mbinu hizo kama zilivyo huja kutibu palipo pazima.

Acha nieleze somo moja kwa kirefu, kwa sababu lilinifundisha mimi kuliko lilivyowafundisha watoto.

Kijana mmoja wa BOM alikuwa na darasa la tano. Nilikuwa nimemwomba aweke kando kitabu kwa wiki hiyo na atunge kifungu chake mwenyewe, cha mistari michache, kwa Kiingereza rahisi, kuhusu kitu ambacho watoto wanakijua kuliko yeye. Aliandika ubaoni habari ya ngamia jike aliyetoka asubuhi kwenda malishoni na ndama wake mchanga. Jioni ngamia akarudi peke yake. Akalala karibu na nyumba, akacheua kimya. Mwenye mifugo akalala usingizi. Asubuhi akagundua kwamba ndama hayupo. Chini ya kifungu aliweka maswali: ngamia alitoka lini, alirudi na nani, mwenyewe aligundua lini.

Watoto walisoma kwa sauti, kama kawaida. Alipoanza kuuliza, msichana mmoja wa nyuma alinong'ona jambo kwa Kiborana na jirani yake akacheka. Kijana yule aliamuru kimya. Mimi niliyekuwa nimeketi pembeni nilimwomba, kwa ishara, amuulize msichana alichosema. Msichana akasimama, akasita, akasema kwa Kiborana kwamba kisa hiki ni cha uongo.

"Kwa nini?"

Kwa sababu ngamia aliyezaa karibuni, akimwacha ndama wake nyuma, halali. Hacheui. Hulia usiku kucha, huzunguka, hutaka kurudi alikotoka. Hii ndiyo sababu watu hufungia ndama nyumbani ili mama zao warudi jioni wenyewe. Kama amelala anacheua, basi ama yule ndama si wake, ama anajua ndama yuko wapi. Na mwenye mifugo, akaongeza mvulana mmoja bila kuitwa, atalalaje asisikie? Labda si mwenye ngamia. Labda ni mwizi.

Darasa lililipuka. Kila mtu alikuwa na maoni. Wengine walirudi ubaoni kutazama kama kifungu kilisema "ngamia wake" au "ngamia" tu; walisoma upya, mstari kwa mstari, kwa hiari yao, wakitafuta ushahidi. Sijawahi kuona mtoto wa shule yetu akirudia kifungu cha Kiingereza bila kulazimishwa kabla ya siku ile. Kijana yule, na hapa ninamsifu kwa moyo wote, aliacha maswali yake matatu, akafuta, akaandika moja: Je, mtu huyu anasema kweli? Akawaruhusu kujadili kwa Kiborana na Kisomali. Kisha akawataka wampe jibu kwa Kiingereza, sentensi moja tu kila kundi. Yule msichana alijikongoja: ngamia hakunyamaza, analia, mtu huyu hasemi kweli. Wakati wa vitenzi ulimpiga chenga. Lakini alikuwa amesoma kilichoandikwa, akakipima kwa anachokijua, akakikataa kwa hoja. Sijui ufahamu mwingine zaidi ya huo.

Baadaye kijana aliniuliza swali zuri. Aliuliza kama basi tuwafundishe habari za ngamia mpaka watoke shule. La. Mtihani utawaletea treni, benki, bustani ya maua, meli, na wana haki ya kuvielewa vyote. Mtoto wa Bute asiyeijua dunia nyingine hatatendewa haki kwa kuachwa na ngamia wake. Nilichotaka akione ni kwamba watoto hawa wana akili ya kufasiri iliyokomaa, wanaitumia kila siku kusoma nyayo, mawingu na tabia ya mnyama, na kwamba somo letu la Kiingereza lilikuwa limewafunza kuiacha nje ya mlango. Ukishawaona wakiitumia mara moja, hutakubali tena jibu la kunakili.

Tuliendelea na kifungu cha treni, kilichomo kwenye kitabu chao: familia inasafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa, wanachelewa, nusura treni iwaache. Hakuna mtoto darasani aliyewahi kuona reli. Mazoea ni kuandika maneno magumu ubaoni, kuyaeleza kwa maneno mengine magumu, kusoma, kuuliza. Safari hii kijana aliuliza kwanza, vitabu vikiwa vimefungwa na kwa lugha ya nyumbani, nani aliwahi kusafiri kwa lori kwenda Wajir au Moyale. Lori likipita mapema kuliko ulivyoambiwa, unafanya nini? Linakungoja? Kwa nini dereva hukungoja? Wakasema dereva hungoja kwa sababu anakujua, au kwa sababu anataka nauli yako. Basi, akasema, kuna gari refu ambalo dereva wake hamjui mtu yeyote, nauli imelipwa tayari, na likifika saa yake huondoka hata kama mama yako yuko mlangoni. Akaonyesha picha. Watoto walishtuka kwa ukali wa chombo hicho. Walipofungua kitabu na kumkuta baba akikimbia na sanduku jukwaani, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini anakimbia. Mazungumzo yale hayakuchukua muda mrefu, nayo yalifanya kazi kuliko orodha ya maswali inayokuja baada ya kusoma. Ningekuwa na uwezo ningeagiza kila andalio la somo la ufahamu liwe na sehemu hiyo kabla ya kitabu kufunguliwa, na liandikwe humo ni lugha gani itatumika.

Hapo pa lugha ndipo mabishano yanapokuwa makali, hata na walimu wenzangu ninaowaheshimu. Wapo waliopigwa kwa kusema lugha ya mama shuleni, wakavishwa kibao shingoni, na bado wanaamini kwamba hicho ndicho kilichowafikisha walipo. Nchi yetu imelisema jambo hili kwenye karatasi kwa muda mrefu: Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, na mtaala wa umilisi wa leo unasema vivyo hivyo. Lakini darasani ni Kiingereza toka siku ya kwanza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na mzazi anataka kusikia mtoto akikisema. Na sisi wa mpakani tunaona upande wa pili. Baada ya 1991 Ethiopia iliruhusu Kioromo kiandikwe kwa herufi za Kilatini, zile wanazoziita Qubee, kikawa lugha ya shule za msingi za Oromia. Mtoto wa Moyale ya ng'ambo anajifunza kusoma kwa lugha ambayo mtoto wa Bute anaisema nyumbani na hajawahi kuiona imeandikwa. Kisomali nacho kimekuwa na herufi rasmi za Kilatini tangu 1972. Vifaa vya kumfundisha mtoto wetu kusoma kwa kuelewa tangu mwanzo vipo ng'ambo ya mpaka.

Sijasema Kiingereza kipunguzwe. Nataka watoto wa Bute wakimudu hadi waweze kumshinda hakimu mahakamani. Ninachowaambia wakurufunzi ni kwamba mtoto aliyezoea kuuliza "hii maana yake nini?" katika lugha anayoijua atalibeba swali hilo hadi kwenye Kiingereza. Asiyelizoea popote, hatalianza katika lugha asiyoijua.

Huwapeleka basi wakaangalie mwalimu aliye bora kwa kazi hii kuliko sisi sote. Ramadhani, baada ya Alasiri, msikiti hujaa watu wanaosikiliza tafsiri. Sheikh husoma aya kwa Kiarabu, polepole. Husimama baada ya kipande kidogo, hukieleza kwa Kisomali au Kiborana, hurudi nyuma, hukiunganisha na kilichotangulia jana, hueleza aya iliteremka katika tukio gani, hutoa mfano wa mtu aliyekopa mifugo akakana deni, kisha huuliza: sasa kwa nini neno hili limekuja mwanzo na si mwisho? Wazee wasiojua kusoma hujibu. Wanawake nje ya ukuta husikiliza kwa kipaza sauti na jioni wanalijadili lile lile jikoni. Hii ndiyo maana niliyosema ina wakati wake na mahali pake. Jamii yetu imekuwa ikifundisha ufahamu wa maandishi ya lugha ngeni kwa vizazi na vizazi, kwa ustadi, ikitumia lugha ya nyumbani bila kuona haya na bila kuidhalilisha lugha ya kitabu. Mkurufunzi aliyetazama tafsiri kwa makini kisha akaambiwa kwamba kutumia Kiborana katika somo la Kiingereza ni uvivu, atakuwa na la kujibu.

Sikatai yaliyoletwa kutoka nje. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015 katika shule za umma nchi nzima, ulitupa kitu ambacho sisi tuliosoma watoto wanne kwa kitabu kimoja hatukukiota: kitabu kwa kila mtoto wa madarasa ya chini, mwongozo wa mwalimu wenye hatua zinazoeleweka, na afisa wa mitaala anayekuja darasani na tabuleti kupima. Kigezo chake cha ufasaha kilikuwa maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza na 45 katika Kiswahili. Kwa mikoa ambako watoto walifika darasa la tatu bila kutambua silabi, kipimo hicho kilikuwa taa. Kwetu nahofia kwamba kilisifu kile ambacho tayari tunakiweza. Nimemsikia mtoto akipita maneno 65 kwa raha zake, na alipoulizwa maswali machache yanayofuata kifungu akamtazama afisa usoni kwa adabu bila neno. Walimu waliikumbuka ile namba kuliko ule ukimya.

Na walimu wenyewe ni nani? Siwezi kuliandika hili bila uchungu. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi kwao likizo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, mahali ambapo mpaka 2011 palikuwa chuo chetu cha ualimu. Katika uwanja ule nilijifunza kuandika andalio la somo. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya mauaji kama hayo Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha wengi wasio wenyeji, na hakuna mwenye utu anayeweza kuwalaumu kwa kuondoka. Madarasa yalibaki. Kidato cha nne wa mwaka jana akawa mwalimu wa Kiingereza wa mwaka huu. Serikali ikajaribu kushusha alama za kuingia vyuoni kwa kaunti zetu, tume na wizara wakavutana, kisha 2021 cheti cha ualimu cha P1 kikapisha stashahada na mlango ukawa mwembamba zaidi.

Katika mabishano yale sikusikia mtu akiuliza kijana huyu anasomaje yeye mwenyewe. Aliyefaulu kwa kumbilifua shengwa atafundisha kubilifua shengwa. Hana kingine cha kufundisha. Ndiyo maana mafunzo yetu ya Jumamosi, hayo tunayoyafanya chini ya mti au kwenye chumba cha walimu kukiwa na jua kali, huanza na vijana kusoma kitabu kizima cha Kiingereza pamoja, kwa raha, kabla ya mbinu yoyote. Tulianza na From a Crooked Rib ya Nuruddin Farah, iliyotoka 1970, habari ya Ebla, msichana wa wafugaji anayekimbia kuozwa kwa mzee. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukutana na ngamia, nyumba za aqal na dada zao katika Kiingereza kilichochapishwa. Waligombana kuhusu Ebla kwa wiki nyingi: kama aliwakosea watu wake, kama angeweza kufanya vingine. Wasichana walikuwa na msimamo wao na wavulana wao. Kijana aliyepita kidato cha nne bila kumaliza kitabu hata kimoja alikuja kuniomba kingine. Kwenye mjadala ule hakuna aliyeuliza Ebla aliondoka saa ngapi.

Hivi majuzi vijana hawa waliniletea mgogoro. Kifungu cha kitabu kilihusu msafiri anayefika usiku kwenye nyumba asiyoijua. Wenyeji wanampa maziwa kwanza, wanamuuliza jina lake baadaye. Swali: kwa nini hawakumuuliza jina mara moja? Mwongozo wa mwalimu ulisema, kwa sababu alionekana amechoka. Mtoto mmoja wa darasa la sita aliandika, kwa Kiingereza kilichovunjika sehemu kadhaa, kwamba mtu ukimuuliza jina kabla hajanywa atadhani maziwa yanategemea ukoo wake.

Mwalimu wa darasa alitaka kumpa sifuri, kwa kuwa neno "kuchoka" limo kwenye kifungu na "ukoo" halimo. Mwenzake alisema nusu, kwa ajili ya sarufi. Wa tatu alisema mtoto huyu anajua zaidi ya aliyeandika mwongozo. Walibishana mpaka Adhuhuri. Mimi nilisema alama zote, kwa sababu hilo ni somo la ufahamu na sarufi ina somo lake kesho, ila nilikubali kwamba msahihishaji wa mtihani wa taifa huenda asifikiri hivyo, na kwamba mwalimu hana budi kumwandaa mtoto kwa msomaji wa Nairobi asiyejua maziwa ya usiku yana maana gani huku. Mwalimu wa darasa alilichukua daftari, akafikiri, akampa alama zote. Chini yake akaliandika jibu la mtoto upya, wazo lile lile kwa Kiingereza cha mtihani, akamwongezea swali: katika kifungu, ni mstari gani unaokuonyesha hivyo?